Tairi la Akiba kwenye Pikapu kwa Safari Ndefu kutoka Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga wenye pikapu wanaoondoka Mwanza kwenda mbali: Dodoma na Dar es Salaam kupitia Shinyanga, Nzega na Singida, Bukoba kupitia Geita, Musoma hadi Sirari, au Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Mfano ninaoutumia zaidi ni pikapu ya aina ya Hilux, kwa sababu ndiyo iliyojaa mialoni (mahali samaki wanaposhushwa ziwani) na magulioni huku kwetu, na ndiyo niliyobebea samaki na dagaa kwa miaka. Mwenye gari la aina nyingine ataona kwamba mambo mengi ni yale yale, ila vipimo avitafute kwenye kitabu cha gari lake.

Barabara kuu sasa ni za lami. Bado kuna haja ya kubeba spea, yaani tairi la akiba?

Ipo, na pengine imeongezeka. Zamani tairi liliuawa na mawe na makorongo. Siku hizi linauawa na mwendo, uzito na upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto likidumu kwa saa mbili kwenye lami ya mchana kati ya Shinyanga na Igunga, nyuzi za ndani huachana na mpira na tairi hupasuka bila kuaga. Miiba ya migunga nayo haijaenda popote. Ukichepuka mita 50 tu kutafuta kivuli huko Simiyu au Shinyanga, unaweza kurudi nayo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa inatulazimisha kushuka garini. Dereva alinunua mahindi ya kuchoma, akazunguka gari lake, akayagonga matairi kwa kiatu, na mara nyingi pancha ilionekana pale pale kabla haijawa balaa. Leo zile kilomita 3 za daraja unazimaliza kwa dakika chache na unafika Geita bila kuukanyaga udongo. Sililalamikii daraja hata kidogo, ila ukaguzi ule wa bure umekwisha, na sasa kila mtu ajipangie mahali pake pa kusimama.

Tairi la akiba liwe la saizi gani?

Liwe la saizi ile ile ya matairi manne yanayotembea, na si ile inayokaribiana nayo. Chukua pikapu yenye matairi ya 265/65R17. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukipiga hesabu, kimo cha tairi zima ni kama milimita 776. Sasa mwenye gari amenunua kwa bei nafuu spea ya 225/70R17, ambayo inaingia kwenye ringi ileile ya inchi 17, lakini kimo chake ni kama milimita 747. Kwa macho tofauti hiyo ni ya vidole viwili tu. Barabarani, tairi dogo huzunguka takribani mara 16 zaidi katika kila kilomita, na mizunguko hiyo ya ziada yote humezwa na difu, yaani gia za ekseli zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko jingine. Kwa kilomita 20 za kufika kwa fundi difu huvumilia. Kwa safari ya kutoka Nzega hadi Dodoma unaiunguza difu hiyo. Na ukiwa na spea ya namna hiyo usiweke fowili (kuendesha kwa magurudumu yote manne) kwenye lami, wala usifunge difu.

Tazama pia nambari ya uwezo wa kubeba iliyo pembeni ya saizi. Tairi lenye nambari 112 limeruhusiwa kubeba kilo 1,120, lakini lenye nambari 100 limeruhusiwa kilo 800 tu. Tairi la gari dogo la familia linaweza kuingia vizuri kwenye ringi ya pikapu na bado likashindwa chini ya magunia ya dagaa.

Gari langu lina ringi za spoti, lakini spea ina ringi ya chuma. Kuna tatizo?

Huenda likawepo, na hutalijua mpaka uijaribu. Nati za ringi za chuma huwa na kichwa kilichochongoka kinachokaa kwenye tundu lenye umbo hilo hilo, ilhali baadhi ya ringi za spoti hutumia nati zenye washa bapa au shingo ndefu. Zipo nati za kiwandani zilizotengenezwa ili zifae ringi za aina zote mbili, lakini ringi za spoti zilizonunuliwa dukani baadaye mara nyingi huja na nati zake. Ukizifunga kwenye ringi ya chuma zinaweza kuonekana zimekaza kumbe hazijaibana, na baada ya kilomita chache gurudumu linaanza kucheza. Ifunge spea nyumbani, zungusha gari mtaa mmoja, kisha ikague. Ikidai nati za aina nyingine, nunua seti kamili, uziweke kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na wilispana. Na kama ringi zako zina nati moja ya kufungwa kwa ufunguo maalumu dhidi ya wezi, ufunguo huo usibaki kabatini nyumbani Nyegezi wakati gari liko Singida.

Spea ikae wapi kwenye pikapu?

Kiwanda kimeiweka chini ya bodi, nyuma ya ekseli, ikining'inia kwenye mnyororo wa winchi. Kwa safari za lami zenye mzigo, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote: uzito uko chini, bodi inabaki wazi, na tairi halipigwi jua. Ubaya wake ni matope, kutu na wezi, na ubaya mwingine unaojulikana siku ya tukio tu, kwamba tairi la nyuma likipasuka bodi huinama, nafasi kati ya bampa na ardhi hupungua, na spea iliyoteremshwa haipiti kutoka nje. Katika hali hiyo gari huinuliwa kwa jeki kwanza, ndipo spea ivutwe.

Wengine huiweka ndani ya bodi. Ni sawa kwa anayekwenda bila mzigo au kwa anayepita njia za matope, mradi ifungwe. Tairi pamoja na ringi ya chuma ni kama kilo 30 hadi 35, na kilo hizo zikiachwa huru hugeuka silaha gari linapofunga breki ghafla. Ilaze kifudifudi mbele ya bodi, karibu na kabini, uifunge kwa mikanda ya kukazia mzigo inayopita kwenye matundu ya ringi. Kamba ya manila inalegea ikiloa kisha ikakauka, kwa hiyo mimi siitegemei. Kosa ninaloliona sana Mwaloni Kirumba ni kuitanguliza spea sakafuni, kisha magunia 30 juu yake. Hiyo si spea tena. Ni sehemu ya mzigo.

Kuisimamisha nyuma ya kabini kwenye kishikizo cha chuma hupunguza nafasi inayochukuliwa, lakini kishikizo kiunganishwe na bodi kwa boliti zenye sahani ya chuma upande wa chini, kwa sababu bati la bodi peke yake hupasuka kwa mtikisiko. Kuining'iniza kwenye mlango wa nyuma wa bodi siishauri kabisa. Bawaba za mlango ule zimetengenezwa kwa ajili ya mlango, na kila bonde la barabara huzivuta. Juu ya kabini, tairi hupandisha uzito pale usipotakiwa, na kumwachia mtu mmoja ateremshe usiku kilo 35 kutoka kimo cha kichwa ni kumwombea ajali.

Winchi ya chini haizunguki. Nifanye nini?

Swali hili lina historia kwangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nabeba sangara kwenye barafu kutoka mwaloni hadi mjini, na sikuwahi kujiuliza maji ya barafu yanakwenda wapi. Yalikuwa yanapita kwenye matundu ya sakafu ya bodi na kudondokea winchi. Kisha nikapata mzigo wa dagaa wa kupeleka Singida. Tulipoipita Tinde, yapata saa nne usiku, tairi la nyuma la kulia likapasuka. Nilichomeka fimbo kwenye tundu lililo juu ya bampa, nikahisi imekamata, nikazungusha; ikatoa mlio mkavu kama wa kutafuna mchanga, ikazunguka robo, ikagoma. Mnyororo ulikuwa umegeuka fundo moja la kutu. Lori lililosimama kutusaidia lilikuwa na utingo mwenye msumeno wa chuma, naye alilala kifudifudi akaukata mnyororo kipande kwa kipande huku unga mwekundu ukimwingia machoni. Kazi iliyostahili dakika 20 ilichukua saa mbili na nusu. Nilimpa gunia dogo la dagaa, akakataa fedha.

Kwa hiyo, kama winchi imegoma ukiwa nyumbani, ipulizie mafuta ya kulainisha, iache usiku kucha, kisha izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo badala ya kulazimisha. Ikishalegea, teremsha tairi hadi chini, safisha mnyororo kwa brashi ya waya, upake grisi, halafu upandishe tena. Lifanye zoezi hilo kila baada ya miezi 3, na kila mwezi kama unabeba samaki wa barafu. Ikigoma ukiwa njiani, kata mnyororo kama tulivyofanya, lakini mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, na asikae mahali tairi litakapoangukia. Unapopandisha spea, hakikisha kile kisahani cha mwisho wa mnyororo kimekaa sawasawa katikati ya ringi. Kikikaa upande, tairi litaonekana limebana, kisha baada ya kilomita 100 za rasta (vijituta vya mfululizo kwenye barabara ya vumbi) litaanza kubembea.

Spea ijazwe upepo kiasi gani?

Ijaze kiwango cha tairi la nyuma la gari lenye mzigo kamili, kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kupunguza upepo porini ni kazi ya kijiti na sekunde chache, lakini kuuongeza hakuwezekani bila pampu. Tairi zima hupoteza kwa kawaida kama PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) 1 hadi 2 kwa mwezi hata likiwa halitumiki, kwa hiyo spea iliyojazwa Januari na kusahaulika inaweza kuwa imepungukiwa PSI 10 ifikapo Julai. Pima asubuhi, matairi yakiwa yamepoa. Kama valvu imeelekea juu kwenye uvungu na huifikii, hakuna njia ya mkato: teremsha tairi. Fundi akikwambia ameipima kwa kuipiga ngumi, mshukuru na uombe geji.

Spea yangu ni mpya, haijawahi kutumika, ila ni ya zamani. Ni salama?

Mpira huzeeka hata usipotembea. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu 4 za mwisho za mfululizo huo: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi kadhaa huweka ukomo wa miaka 10 hata kwa spea ambayo haijagusa barabara. Kama ubavu una nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka, usiitumie kwa safari ya mzigo, hata kama vile vinyweleo vya mpira bado vimesimama.

Moja inatosha, au nibebe mbili?

Kwa njia ya lami yenye miji kila baada ya kilomita 60 au 80, moja nzima inatosha, kwa sharti kwamba ukishaitumia unasimama mji unaofuata kuziba iliyotoboka. Kwa anayevuka Serengeti, au anayekwenda vijiji vya ndani kwa siku kadhaa wakati wa mvua, mbili ni busara: moja chini, nyingine ndani ya bodi. Anayekwenda Ukerewe kwa kivuko cha Kisorya asidhani atapata Nansio kila saizi ya tairi la pikapu. Wapo wanaoona spea ya pili ni mzigo wa bure. Mimi huwauliza kama walishawahi kulala Lamadi wakisubiri tairi lililotumwa kwa basi kutoka Mwanza.

Nibebe vifaa gani pamoja nayo?

Jeki inayomudu uzito wa gari likiwa na mzigo, na mpini wake wote. Wilispana inayokaa sawasawa kwenye nati zako. Fimbo ya winchi. Kipande cha ubao mgumu, upana wa futi moja, cha kuwekea jeki. Mawe au kabari mbili. Geji ya upepo. Na tochi ya kuvaa kichwani, kwa maana tochi ya simu humnyima mtu mkono mmoja. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari inalipa gharama yake siku moja. Ongeza bomba la chuma la kurefushia wilispana, kwa kuwa nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo gereji huwa hazimsikii mtu mmoja. Pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto unavijua, trafiki atakukumbusha.

Jeki ya kiwandani mara nyingi huwa imefichwa nyuma au chini ya kiti. Itoe leo ujue inavyotoka.

Nabadilishaje tairi gari likiwa na mzigo?

Toka barabarani hadi mahali pagumu na tambarare, hata kama itabidi utembelee tairi bovu mita 100 zaidi. Ringi ni bei nafuu kuliko mguu. Vuta breki ya mkono, weka gia, zuia magurudumu ya upande mwingine. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Kwa nyuma, jeki ikae chini ya ekseli karibu na gurudumu linalobadilishwa, si chini ya tumbo la difu wala chini ya bampa.

Udongo ndio unaoamua mambo. Kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, unaoanza mara tu uachapo lami Magu au Bariadi, jeki huzama wakati wa mvua kama kijiko kwenye uji. Unapampu, gari halipandi, jeki inashuka. Hapo ubao hauna mbadala, na kama mzigo ni mzito shusha nusu yake kwanza. Wakati wa kiangazi angalia nyasi kavu chini ya bomba la moshi.

Spea ikishaingia, kaza nati kwa kuvuka, yaani ukikaza ya juu ufuate ya chini iliyo mkabala nayo, kwanza kwa kuzisogeza tu, halafu kwa nguvu gari likiwa limeshuka. Usizipake grisi nyuzi za boliti. Nati itapita kipimo na boliti itavutika. Baada ya kilomita 50 hivi simama, uzikaze tena.

Pancha ikitokea ndani ya hifadhi ya Serengeti?

Kanuni ya hifadhi ni kwamba mtu hashuki garini nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, kwa hiyo ukilazimika kubadilisha, tafuta mahali peupe unakoona mbali pande zote, mbali na vichaka na mito. Mtu mmoja asimame juu ya bodi akitazama, asishike spana. Kama kuna simu au gari la askari wa hifadhi karibu, omba msaada kwanza. Zingatia pia kwamba mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa humo, na kwa changarawe yenye rasta, kuuheshimu mwendo huo ndiyo kinga ya kwanza ya matairi.

Nizuieje spea isiibwe?

Mwizi wa spea ya chini anahitaji fimbo na dakika 3. Pitisha mnyororo wenye kufuli kwenye tundu la ringi na kwenye chesisi, si kwenye bampa. Kufuli ikae imefunikwa kwa mpira wa tyubu kuukuu ili vumbi lisiizibe, na ufunguo wake uwe kwenye shada moja na wa gari. Ukiegesha usiku, rudisha nyuma ya gari karibu na ukuta.

Nikishafunga spea, naweza kumaliza safari nayo?

Kama ni ya saizi ile ile, yenye umri mzuri na upepo sahihi, inaweza, ingawa kwa kilomita 50 za kwanza mwendo uwe wa kiasi. Lililotoboka lizibwe mji unaofuata, usiku huo huo ikiwezekana. Tundu la msumari kwenye uso wa tairi huzibwa vizuri kwa kiraka cha ndani. Ile kamba ya mpira inayosokomezwa kutoka nje ichukulie kuwa ya kukufikisha tu. Ubavu uliotoboka hauzibwi, hata fundi akuapie. Na akikupendekezea kuweka tyubu ndani ya tairi lililochanika ubavu, kubali kwa ajili ya kulifikisha gari tupu gereji, kisha shusha mzigo wako hapo hapo utafute tairi lingine.